Mpaka Gita Liishe: Maisha ya Marehemu Masha Lewa Ziro, 1966–2025

Marehemu Masha Lewa Ziro alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Ganze, mtoto wa tatu wa hayati mzee Lewa Ziro na hayati mama Kadzo. Mwaka wa 1973 mvua zilikosekana, na wazazi wake wakahamia Utange. Mamake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alikuwa akigonga kila kitu kwa kidole, sufuria, mlango, hata kisogo cha nduguye, kisha anatega sikio asikie kilivyojibu.

Alisoma shule ya msingi hapa Kisauni, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1981. Sekondari haikuwezekana. Alipelekwa Changamwe kwa binamu ya babake, seremala wa vitanda na milango, akakaa huko mpaka ndevu zikamwota. Alirudi akiwa anajua mbao kuliko alivyojua watu.

Kazi ya magita aliianza Bombolulu mwaka wa 1988. Rafiki yake Ishaka, fundi wa ngozi ambaye wengi wenu mnamjua kwa kiti chake cha magurudumu na kwa mdomo wake, alimletea gita lililovunjika shingo. Marehemu alilifungua, akaliunga, akaona hakuna cha ajabu ndani yake ambacho seremala mvumilivu hawezi kukifanya. Tangu siku hiyo hakutengeneza tena kitanda, hata chake mwenyewe.

Kilichompa jina ni ubao wa shingo, ule mweusi wa mpingo ambao mpigaji huubonyeza kwa vidole. Ubao huo ukiwa na mlima mdogo, hata usioonekana kwa macho, waya huugusa na sauti inakoroma. Marehemu aliulaza ubao kwenye rula ya chuma, akainua vyote juu na kutazama mwanga unapopenya. Kisha aliupaka wote chaki na kuusugua kwa kipande cha marumaru kilichobandikwa msasa. Chaki ikifutika mapema, hapo pana mlima. Ikibaki, hapo pana bonde. Mafundi wengi hukimbilia kuusugua mlima peke yake, na wakimaliza wamechimba shimo. Yeye alisema lazima usugue ubao wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka chaki iondoke kila mahali kwa pamoja. Hayo aliyajua vizuri, kwa mbao.

Kuna Pasaka moja kwaya ilikuja kuchukua gita lake, akakataa kulitoa kwa sababu waya mmoja ulikuwa ukikoroma. Mwalimu wa kwaya akamwambia, "Fundi, kwaya yenyewe inakoroma. Nani atajua?"

Marehemu akajibu, "Kwaya ni kazi ya Mungu, atajua mwenyewe la kufanya. Gita ni kazi yangu." Wakaimba Pasaka ile kwa ngoma na kayamba.

Tarehe 6 Aprili 1991 alifunga ndoa kanisani, hapa Utange, na Sidi. Mungu akawajalia watoto wawili, Ziro na Faith. Sidi hakusoma, lakini alikuwa na mkono mtulivu, na marehemu akampa kazi ya msasa. Kwa miaka yote ya karakana ile, ubao mweusi ulipita mikononi mwa Sidi kabla ya kufika kwa mteja. Vumbi la mpingo lilikuwa la Sidi na jina lilikuwa la Masha. Wakati ule jambo hilo halikumuuma Sidi, kwa kuwa walikuwa wakila sahani moja.

Mwezi wa Juni mwaka wa 2010 marehemu alivuka feri kumpelekea mteja gita Likoni, na hakurudi. Haya yanasomwa kwa sababu wengi mliokaa hapa mnayajua, na wasifu ukiyaruka mtacheka chini kwa chini. Alikaa huko na mwanamke mwingine, Linda, wakapata mtoto, Ronny. Jumapili moja alituma watu wachukue vifaa vya karakana wakati Sidi yuko kanisani. Walimwachia kipande cha marumaru, labda kwa kuwa kilikuwa kizito. Sidi aliwalea watoto kwa kuuza viazi karai na mbaazi, akanunua kiwanja hiki tulichokaa, akajenga.

Ugonjwa wa kisukari ulimwanzia marehemu Likoni. Uliingia machoni, kisha kwenye figo. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2023 Ishaka alimleta hapa kwa tuktuk. Mkononi marehemu alikuwa na gunia kuukuu la mchele, na ndani yake gita ambalo halijamalizika, bila waya, bila vile vyuma vyembamba vinavyopangwa kwenye ubao wa shingo.

"Mama Ziro," Ishaka akasema, "nimekuletea mzigo. Mbao ni nzuri, mwenyewe ndiye ameoza."

Sidi hakucheka. Alimwuliza marehemu amefuata nini.

"Nilimwahidi Faith gita tangu yuko mdogo," marehemu akasema. "Ubao haujanyooka. Mwanga siuoni tena, Mama Ziro. Nahitaji macho."

"Utalala chumba cha nje mpaka gita liishe," Sidi akamwambia. "Likiisha, urudi ulikotoka."

"Ndio," akasema.

Sidi alingoja aongeze neno jingine. Hakuongeza.

Wakaanza kazi. Asubuhi Sidi alipaka chaki na kusugua, na marehemu akakaa karibu na kupitisha kidole gumba juu ya ubao. Kila siku alisema, "Bado. Pana mlima hapa." Sidi aliinua rula kwenye jua, na kweli mwanzoni ulikuwepo. Ukapungua. Ikafika siku chaki yote iliondoka kwa mpigo mmoja, na mwanga haukupenya popote. Marehemu akapitisha kidole, akarudia.

"Bado," akasema. "Pana mlima."

Sidi alimtazama mtu huyu ambaye kidole chake hakikuwahi kukosea, na alikuwa na neno moja tu la kumwambia, limeisha, ili atoke nyumbani kwake. Haki ya kulisema alikuwa nayo, na hakuna kati yenu ambaye angemlaumu.

"Basi kesho," akasema.

Kesho yake alikigeuza kile kipande cha marumaru, akasugua kwa upande usio na msasa, kwa sababu ubao ukisuguliwa kila siku huisha. Marehemu alitega sikio.

"Msasa wa leo ni laini, Mama Ziro."

"Laini sana, Baba Ziro."

Wakaendelea hivyo, asubuhi kwa asubuhi, isipokuwa siku za kwenda hospitali kusafishwa damu. Neno la kuomba msamaha, ambalo Sidi alilingoja, halikuja. Alizoea kulisikia ndani ya lile jingine, kila alipoambiwa bado.

Marehemu aliaga dunia Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, katika chumba cha nje, ubao ukiwa umepakwa chaki magotini pake.

Ndugu zake walitaka azikwe Ganze. Linda, naye alikuwa na haki ya kusema, alitaka Likoni. Wakamwuliza Sidi kwa nini ang'ang'anie mtu aliyemtupa. Akawaambia, "Tulikubaliana akae kwangu mpaka gita liishe. Gita halijaisha."

Marehemu ameacha mjane, Sidi, watoto wake Ziro, Faith na Ronny, Linda mamake Ronny, nduguze Kai na Nyamvula, wajukuu wawili, na rafiki yake Ishaka, ambaye ameombwa asiseme neno leo.

Ziro anataka kulitia vile vyuma na waya, Faith alipige. Mama yake amemwambia angoje. Gita limelazwa mezani kama alivyoliacha, na atakayepitisha kidole juu yake ataona limenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Lakini bado halijaisha. Kwa hivyo Baba Ziro hafukuzwi. Alale hapa, kwa amani.