Bei ya Mama wa Ukungu

Kijiwe cha Mochama kiko Kimulot, mkabala na banda la kupimia majani chai, na kioja chake cha kwanza ni kwamba hapo watu hawanywi chai. Wanakunywa kahawa. Mtu aliyeshinda na chai mgongoni tangu asubuhi hataki kuiona tena kikombeni, na Mochama, Mkisii mwenye akili ya biashara, aliligundua hilo mapema akaleta buni kutoka kwao. Ndani ya kibanda imetundikwa picha kubwa isiyo na rangi, ndani ya fremu ya mbao: mama aliyetupa kisogo, kikapu mgongoni, anaingia kwenye ukungu katikati ya shamba la chai. Meneja mmoja wa shamba alipohama aliwaambia watu wachukue alivyoviacha barazani. Wajanja walikimbilia viti na sufuria. Mochama alichelewa, akarudi na picha, na alichekwa mwezi mzima.

Siku hiyo hakuna aliyecheka. Asubuhi mgeni mwenye gari kubwa alisimama kunywa kahawa, akainua macho, na kahawa ikampoa mkononi. Alisema hiyo ni kazi ya mpiga picha anayejulikana dunia nzima. Huenda ni nakala tu, lakini hata nakala zina wateja wake. Akaendelea na safari ya Chepilat, akaahidi kupita tena kabla ya mvua. Mochama amwambie bei.

Bei yenyewe Mochama hakuijua. Phelis, mkewe, alikuwa ameshatoa hukumu: bati linavuja, na picha haizuii mvua. Alisema kweli. Ila kulikuwa na jambo ambalo Mochama hakuwa amemwambia hata Phelis. Kila asubuhi akifungua kibanda, kabla hajawasha jiko, aliitazama ile picha na kuisalimia kwa Kikisii, "Bwakire, mama." Mama yake alichuma chai ya watu mpaka mgongo ukakataa, akafa bila mtu yeyote kuwahi kumpiga picha. Mgongo ule wa pichani ulikuwa wake, ama ulifanana nao kiasi cha kumtosha mwanawe.

Basi picha ikateremshwa, ikalazwa juu ya meza, na wenye kijiwe wakaizunguka.

— Kitu ya kuuzwa inaangaliwa kwa meza, alisema Kipkirui. Yeye huitwa Karani, kwa sababu alikagua majani ya watu kwenye lile banda mpaka akastaafu, na hadi leo akipewa sukuma wiki huitafutia vijiti kwanza. Alipitisha vidole juu ya kioo polepole.

— Hii ni gredi ya kwanza. Angalia hiyo ukungu. Siku hizi hatupati ukungu safi hivi.

— Karani, tunauza picha ama tunauza ukungu? aliuliza Moureen. Binti huyu huuza kredo za simu kando ya barabara, na kila swali hulipeleka kwenye simu yake kwanza. — Ngojeni niwasomee. Hapa wanasema kuna ile mpiga picha alitengeneza mwenyewe, na kuna ile ilichapishwa na mashine. Ya mwenyewe ndiyo pesa. Ya mashine ni posta ya kubandika ukuta.

— Na utajuaje? aliuliza Karani.

— Unaangalia na kioo ya kukuza. Ukiona vidoti vidogo vidogo, ni mashine.

Mzee Obure alivua miwani. Aliwahi kuendesha trekta za shamba, na kwa kuwa ana msimamo juu ya kila jambo wanamwita Waziri, ingawa wizara yake haijulikani. Aliishika miwani juu ya picha, akaisogeza mbali, akaivuta karibu.

— Naona vidoti, alisema.

Mochama hakujua kama ahuzunike ama ashukuru.

— Basi ni posta, alisema Moureen.

— Posta gani? alisema Obure. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba imejaa mpaka inamwagika. Hakuna mashine iko na hiyo subira, msichana wangu. Huyo mtu aliweka vidoti moja moja na mkono.

— Mzee, hapa chini hata namba hakuna. Nakala za maana zinaandikwa ni ya ngapi kati ya ngapi. Hii imeandikwa tu jina ya mpiga picha na ya makumbusho huko ng'ambo.

— Isiyo na namba ndiyo ya kwanza, alisema Karani. Kifungua mimba nani anamhesabu? Unaanza kuhesabu wakifika wawili.

Obure aliitikia kwa kichwa, kwa heshima.

— Na huyo mpiga picha ako hai?

— Alikufa kitambo, alisema Moureen.

— Sasa hiyo ni bei ingine. Maiti haipigi picha. Na nimesikia hao watu wakikaribia kufa wanachoma filamu zao zote, ndio wengine wasichape. Filamu ndiyo mama, nakala ndiyo mtoto. Mama akienda, boma inabaki kwa mtoto. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hii yetu imefunzwa na ulimwengu. Iko na haki zote.

— Haki ya nini? Nakala ni nakala, mzee.

Hapo Karani akanyoosha mkono kuelekea kilimani, ambako chai ilipanda na kushuka na kupanda tena, kijani kimoja, mpaka ilipogusa msitu wa Mau.

— Moureen, unaona hiyo chai yote? Hakuna mti hapo ilizaliwa na mbegu. Walichagua mti mmoja mzuri, wakakata vijiti, wakapanda. Vijiti ikakua, wakakata tena. Hiyo kilima yote ni nakala ya mama mmoja. Na inakunywewa dunia nzima. Umewahi sikia mtu akirudisha kikombe ati anataka ile ya kwanza?

Moureen aliishusha simu. Waligeuka wote wakakitazama kilima walichokitazama maisha yao yote, na kwa muda kila mmoja alikiona kama kimeletwa asubuhi hiyo.

— Tuipime uzito, alisema Karani, akipumbazwa na maneno yake mwenyewe. Mizani iko hapo tu. Nashika huku, Waziri shika kule, tuning'inize kwa ndoano.

— Wacheni, alisema Mochama, akaweka mkono juu ya fremu. Mtamwangusha.

Walimtazama, wakauacha mpango huo.

— Chamgei, iliwasalimu sauti ya mwanamke nyuma yao, kwa Kikalenjin.

Alikuwa Nelvine, mwanamke wa Londiani aliyeleta viazi sokoni, na sasa alingoja usafiri wa kurudi. Alisema yeye ni mtu wa viazi, mambo ya chai hayajui. Akapewa kikombe na nafasi kwenye benchi, akasimuliwa yote: vidoti, namba, marehemu, kilima. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akainama juu ya meza akamtazama yule mama mwenyewe, jambo ambalo hakuna kati yao aliyekuwa amelifanya tangu picha iteremshwe.

— Huyu mama, aliuliza, anaenda kuchuma ama anarudi?

Karani alifungua kinywa haraka.

— Anaenda. Hiyo ukungu ni ya asubuhi.

— Kwani hapa jioni hakuna ukungu? alisema Obure.

— Angalieni kikapu, alisema Moureen. Kama iko na majani, anarudi.

Wakainama wote. Ukungu ulikuwa umeufunika mdomo wa kikapu. Karani, aliyekagua majani miaka na miaka, alisogeza uso mpaka pumzi yake ikafunika kioo, akakifuta kwa mkono wa shati, akatazama tena.

— Siwezi sema, alisema kwa sauti ndogo.

— Lakini mgongo umeinama, alisema Obure. Huo ni mzigo.

— Mama alikuwa anainama hata bila mzigo, alisema Mochama.

Hakuna aliyemuuliza ni mama gani. Walisimama tu wakimtazama yule mwanamke na ukungu wake. Picha iliyokuwa juu ya jiko miaka yote hiyo ikawatia woga mtamu, kama wa kanisani, na vikombe vikapoa.

Gari kubwa likasimama. Mgeni aliteremsha kioo.

— Mmekubaliana bei?

Mochama aliinyanyua picha, akaifuta kwa kiganja, akairudisha kwenye msumari wake. Tone la kwanza la mvua lilipita penye tundu la bati. Akaweka sufuria chini yake.

— Siwezi kumuuza, alisema. Hatujajua kama anaenda ama anarudi. Kama anarudi, atafika anikute nimemuuza.

Mgeni alicheka kidogo, kisha akaitazama picha, na kicheko kikamwisha. Alizima gari, akashuka kwenye mvua, akaketi mwisho wa benchi pembeni ya Nelvine.

— Basi nipe kahawa, alisema, bila kuondoa macho ukutani.

Mochama aliinamisha birika juu ya kikombe. Kahawa ilikuwa imekwisha.