Mama Koki na Mwanafunzi Asiyesikia

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Koki. Fundi bomba, tena mwalimu wa mafundi bomba, tena mwenye mdomo! Alituacha wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na minane. Nami siwaombi mlie. Angenigombeza.

Mama Koki alifundisha darasani miaka ishirini, kisha magoti yakamgomea. Chuo kikamwambia afundishe kwa mtandao. Wakajiandikisha watu arobaini. Waliomaliza? Watatu. Watatu tu, na mimi simo. Somo la pili nilisinzia, simu ikaniangukia puani. Chuo kikampa muhula mmoja: wasipomaliza angalau nusu, kozi inafutwa. Ilimuuma sana, maana ndiyo kazi pekee iliyokuwa imembakia.

Binti yake, mtu wa kompyuta, akaleta akili mnemba. Ikatengeneza mwalimu wa kwenye kioo cha simu, ngozi laini, sauti tamu. Mama Koki akamtazama, akasonya.

"Huyu hajawahi kulowa hata siku moja. Atamfundisha nani?"

"Sasa mama, tumfanyeje?"

"Mkalishe chini. Awe mwanafunzi."

Ndipo akazaliwa Bwana Haraka, mwanafunzi wa akili mnemba. Mbishi, hajui kitu, na anajifanya anajua. Wewe ndiye unayemwelekeza, kwa simu yako, atengeneze bomba la jikoni. Ukisahau kumwambia afunge maji, yeye anafungua nati. Maji hayo! Sufuria zinaelea, naye anauliza, "Mwalimu, hii ni kawaida?" Hapo inaingia sauti ya Mama Koki mwenyewe: "Funga maji kwanza, we kichwa maji!"

Jamani, tulicheka! Nilirudi kozini ili nimgombeze tu, nikaishia kulifurikisha jiko mara sita. Muhula ulipokwisha, kati ya watu arobaini walimaliza thelathini na wanne. Thelathini na wanne, na safari hii nimo. Binti yake ananiambia, "Mama alicheza kwa furaha jikoni kwake mpaka akasahau magoti. Mimi nikasema, basi, kozi imepona."

Jumamosi, msibani, bomba la uani likaanza kuvuja. Nikajitosa, spana mkononi, mhitimu mzima! Nikaishika nati. Nyuma yangu waombolezaji wote, machozi hayajakauka, wakapaza sauti moja: "Funga maji kwanza!" Mume wa Mama Koki alicheka hadi akatafuta kiti.

Mzee wetu, pole sana. Dada yetu, pole, na asante kwa kumsikiliza mama. Na wewe unayenisikia, yupo mtu wako anayejua kazi yake vizuri. Umewahi kumuuliza akufundishe? Muulize leo, angali anaweza kukugombeza.

Lile bomba la uani halivuji tena. Nimepita asubuhi hii kuhakikisha.