Kidole cha Mama Élisabeth

Kijiwe chetu cha Kavimvira ni ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mkabala na barrière, kizuizi cha mpaka wa Burundi. Mpaka ukiwa wazi hapakaliki kwa vumbi na makelele ya wabadilisha pesa. Ukifungwa, kama ilivyokuwa Alhamisi ile, tunajazana hapo sote tusio na kazi, tunakunywa kahawa ya tangawizi ya Ma Divine na kubishana hadi koo zikauke. Na kitu tunachokijua kuliko vyote, Mungu atusamehe, ni silaha. Hatukuzisomea. Tumelala chini ya vitanda miaka mingi hadi tukazijua kwa milio yake. Rafale, yaani mfululizo wa risasi, alipata jina lake hivyo: milio ikianza kule milimani Rurambo, anakutajia aina kabla hujazima taa. Prof alifundisha historia mpaka shule yake ikajaa wakimbizi, na sasa anatufundisha sisi, kwa nguvu. Mimi natengeneza simu. Siku hiyo Osée, fundi cherehani, alituletea picha ya zamani ya askari na bunduki ya rashasha.

Osée: Mama njo amenituma. Mutoto ya dada yangu aliipata kule Bruxelles, mu soko ya vitu vya zamani. Nyuma bameandika "Mitrailleuse, Uvira". Mwaka hakuna.

Mama Élisabeth, mama yake Osée, tunamjua. Baba yake alipelekwa na jeshi la Wabelgiji kwenye vita vya Abisinia, yaani Ethiopia, mwaka 1941, yeye akiwa bado tumboni, na hakurudi. Hakuacha hata shati. Sasa mama amelala, macho yake hayaoni tena, na kila mtu nyumbani anajua kwamba hatainuka.

Osée: Anauliza kama hii picha iko ya wakati ya baba yake. Bunduki itasema. Kama iko ya zamani sana, basi haiko yeye.

Rafale: Leta hapa. Hii mitrailleuse ya miguu tatu iko Maxim. Ile bomba kubwa iko ya maji, juu ya kupoza chuma.

Prof: Maxim ilipigana vita zote, haituambie mwaka. Angalia bunduki za mikono. Minye naona Albini.

Rafale: Weye Albini uliionea wapi?

Prof: Mu kitabu. Ilikuwa inakula risasi moja moja. Kama ni ile, hii picha ni ya vita ya kwanza, na baba ya Mama Élisabeth alikuwa bado mutoto.

Osée aliibana mikono katikati ya magoti.

Rafale: Usiue muntu na kitabu, Prof! Mauser njo iko na kisanduku cha risasi, kinatokea chini. Na ile bomba ya maji, unajua kazi yake ingine? Bazungu balikuwa banapikiamo chai. Unapiga rafale moja, maji inachemka.

Ma Divine: Basi muende kuniletea hiyo, makala ya kupikia imepanda bei.

Rafale: Haipatikane. Iko mu milima ya Bijombo mpaka leo. Juzi niliisikia, inakohoa sawa muzee.

Prof: Bongo, unadanganya! Ilitupwa mu ziwa. Njo maana samaki ndagala zilihama, maji imejaa kutu ya Wabelgiji.

Rafale: Kumbe njo maana bavuvi banavuta filet, inatoka na risasi?

Prof: Unaona? Umekubali mwenyewe!

Wangeendelea hivyo hadi jioni. Hasira zilinipanda. Mtu amekuja na shida ya mama yake anayekufa, na sisi tunapika chai ndani ya bunduki. Nilitoa lenzi ninayotumia kazini, nikamsukumia Rafale.

— Tafuta hicho kisanduku chako, nikamwambia. Kama hakiko, unyamaze.

Akainama. Akaipitisha lenzi polepole juu ya picha, bunduki moja baada ya nyingine.

Rafale: Kiko. Kwa zote sita kiko. Yaya Osée, mukubwa wangu, hizi ni Mauser!

Prof (akimnyang'anya lenzi): Mauser ya Wabelgiji. Nimekubali. Hii inaweza kuwa ya askari ba Abisinia kabisa.

Osée alicheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. Ma Divine akammiminia kahawa ya mwisho bila kuulizwa. Tulipongezana kwa kupigana mabegani. Ilikuwa furaha ya kweli, na kwa jinsi tunavyoishi, tulikuwa na njaa nayo.

Ndipo alipofika mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya. Hatukuwa tunamjua, alisema anaitwa Naomie, anatoka Kiliba, akauliza kama barrière imefunguliwa. Tukamwambia bado. Akashusha kikapu, akaitazama picha juu ya bega la Osée, naye Osée akamweleza yote.

Naomie: Na mama haone hata kidogo?

Osée: Haone. Alisema nikirudi na habari muzuri, nikamate kidole yake, nikiweke juu ya baba yake.

Naomie: Juu ya yupi, papa?

Prof aliigeuza picha, akasoma tena maneno yale mawili, kama kwamba yangeongezeka. Tukapokezana lenzi. Nyuma ya Maxim walisimama wanaume sita, na nyuso zao, chini ya kofia, zilikuwa zimefifia zote kwa namna moja. Mpiga picha alikuwa amelenga bunduki. Na sisi pia, tangu asubuhi. Wa mwisho aliyemfahamu baba yake Mama Élisabeth kwa sura alikuwa mkewe, bibi yake Osée, na bibi alishazikwa zamani.

Kahawa ilikuwa imeisha. Osée alituonyesha picha mmoja mmoja, Rafale, Prof, Ma Divine, mimi, akingoja mmoja wetu anyooshe kidole. Tuliangalia. Bunduki ilionekana vizuri sana.