Mama Kijiko Anaiaga Wodi ya Watoto

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, muuguzi wetu mkuu wa wodi ya watoto anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake limeandikwa kwenye mlango wa ofisi, lakini hapa kila mtu humwita Mama Kijiko.

Alianzia wodi ya upasuaji, akahamia kwetu kilipofunguliwa kitengo cha watoto ambao utumbo wao umeshindwa kazi. Watoto hao hulishwa kwa mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Uchafu kidogo tu ukipenya humo, mtoto anaweza kufa. Ndiyo maana hata mumewe, aliyekuja siku moja kumletea mwavuli, alinawishwa mikono mlangoni.

Jina la Kijiko alilipata kwa binti aliyezaliwa utumbo umejisokota, madaktari wakalazimika kukata sehemu kubwa. Kipande kilichobaki kilipopata nguvu, mtoto akakataa kula. Hakuwahi kumeza chakula. Njaa yenyewe hakuijua. Mama yake akakata tamaa. Mama Kijiko hakumlazimisha. Kila mchana alikaa kando ya kitanda akinywa uji wake taratibu, akimwambia, "Wewe usile, mwanangu. Huu ni wangu." Wiki zikapita. Siku moja binti akamshika mkono, akakivuta kijiko kinywani, akakunja uso, kisha akadai kingine.

Alipofikisha miaka minne mrija ulitolewa, akaondoka amebebwa mgongoni na mama yake. Baadaye familia ikahama na simu yao ikawa haipatikani. Mama Kijiko ndiye aliyefurahi kuliko sote, na ndiye aliyeshindwa kukitandika kile kitanda. Hadi leo, akiona msichana wa rika la binti yule kwenye foleni ya kliniki, hupunguza mwendo.

Amewafundisha wazazi wengi kuutunza mrija nyumbani, nasi akatufundisha. Hakusema amechoka; alisema tu, "Miguu inanisema."

Sasa anakwenda kuishi kwa bintiye, karibu na wajukuu aliozoea kuwaona kwenye simu tu. Watoto wa wodi watatuuliza yuko wapi. Tutawajibu kwamba amekwenda kucheza na wajukuu zake, kisha tutageukia dirishani upesi, wasituone machozi.

Asante, dada yetu, mama yetu. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na nyumba yenye kelele za watoto wazima. Na siku ukija mjini, tafadhali usitupite.