Mashoto Akiondoka

Benchi la mbele ya saluni ya Térence, pale Granville, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, lina mguu mmoja wa tofali, na anayekaa upande huo hubishana akiwa ameinama. Jumamosi ile upande huo ulimwangukia Cirhuza, dereva wa forklifti ambaye kijiwe kilimbatiza Besiboli, maana hakuna Mkongomani mwingine waliyemjua aliyeupenda mchezo huo wa Wamarekani. Kahawa ya tangawizi ilikuwa imempoa mkononi. Mashoto, mrushaji bora wa mkono wa kushoto katika timu ya Marekani aliyoishabikia, alikuwa amemaliza mkataba. Alikuwa huru kwenda popote, na timu ilikuwa kimya.

— Banangojea nini? — alilalamika. — Mwaka jana balikimbilia wachezaji batatu, bakakosa bote. Sasa hata wa kwao anabaponyoka!

— Ni mke wake, ndugu yangu — alisema Térence, kinyozi Mrundi waliyemwita Balozi kwa vile husemea watu wasiomtuma. — Mji ule una baridi. Mwanamke akichoka na baridi, mume anafunga mizigo.

— Wapi, Balozi! — alidakia Nkatha, Mkenya anayeendesha lori la kontena bandarini Port Botany, jina lake la kijiweni Breki kwa sababu mdomo wake hauna. — Hiyo ni deal imepikwa. Wapinzani wamebuyia agent wake nyumba. Si wanasema chanda chema huvikwa pete? Sasa wamemvika imbane kidole, asirushe tena!

— Kosa lilianza mapema — alisema Balozi. — Nani anaposa kwa e-mail? Wangetuma wazee kwa mama yake, na kreti mbili za bia. Mchagua jembe si mkulima!

— Hiyo methali inaingiaje hapa?

— Subiri, itaingia.

— Mimi nawashow ukweli — alisema Nkatha. — Hawamtaki. Wanataka kupigwa mpaka mafans waishe, halafu uwanja upangwe kontena. Nimeona uwanja ukifa hivyo.

— Uliona wapi?

— Lazima niwe nimeona na macho?

Walicheka, isipokuwa Cirhuza. Yeye alikuwa na hofu ya kweli. Binti yake Aline alihamia Perth, ng'ambo ya pili ya nchi, kwa kazi ya uuguzi. Tangu shule, ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, na mwishowe baba na mwana wakaishiwa maneno. Kisha Aline akaipenda timu ile. Cirhuza akajifunza besiboli ukubwani, kanuni kwa kanuni, apate la kuzungumza na mwanawe. Toka hapo kila mechi ikiisha, Aline humpigia. Lakini juzi aliandika kwamba Mashoto akiondoka, naye basi, haitazami tena timu hiyo.

Simu ilitetemeka gotini. Cirhuza alisoma habari za timu.

— Ameenda — alisema. — Bengine bamemuchukua.

— Pole, Besiboli — alisema Nkatha taratibu.

— Timu tuiache, hiyo si kitu. Ni Aline. Hatanipigia tena. Tutaongea nini, miye na yeye?

Mwishoni mwa benchi alikuwepo mama mmoja mgeni, Gloriose, aliyekuwa akisubiri mwanawe anyolewe ndani na msaidizi wa Térence.

— Samahani, baba — aliuliza. — Huyo binti hawezi kupigiwa simu bila mchezo?

Nkatha aliinamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe chake, lakini haikutoka hata tone. Walimtazama Cirhuza, na Cirhuza akaitazama simu. Alilitafuta jina la mwanawe. Hakukumbuka ni lini yeye ndiye aliyempigia.

Simu iliita mara moja tu. Cirhuza hakuwa amejua ataanza na neno gani, na hakupewa nafasi. Sauti ya Aline ilikuja kwa Kiswahili ambacho baba yake hakukisikia kinywani mwake tangu akiwa mdogo:

— Papa? Nani amekufa?