Ukurasa wa Arobaini na Mbili wa Fundi Fabiani Kauzeni

Baba Paroko, ndugu, majirani zetu wa Sibwesa na nyie nyote mliotoka Mpanda, Katumba na Mpimbwe kuja kumsindikiza mpendwa wetu, mimi ni Eustace, mdogo wake wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake leo Jumamosi, tarehe 10 Novemba 1979, na nitayasoma jinsi yeye mwenyewe alivyoagiza yasomwe.

Marehemu Fabiani Kauzeni alizaliwa tarehe 19 Machi 1936 huko Kasansa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Makarius Kauzeni na mama Prisila, wakulima wa mpunga, akabatizwa mwezi uliofuata, akaanza shule ya misheni mwaka 1945, akaishia darasa la sita mwaka 1951, si kwa kukosa akili bali kwa sababu mzee aliugua mgongo na jembe likabaki mikononi mwake.

Mwezi Juni 1953 alikwenda Mpanda kutafuta kazi mgodini, akapangwa kufuta mafuta kwenye chumba cha injini za umeme, na siku hiyo hiyo aliandikishwa kijana mwingine aitwaye Osward, wakapewa chumba kimoja kambini, wakawa wanapika sufuria moja, hata watu wakadhani ni ndugu. Huko ndiko marehemu alikoiona nozeli kwa mara ya kwanza, na kwa wale msioijua kazi hiyo, nozeli ni kidude cha chuma kinachoenea kiganjani, chenye matundu membamba kuliko sindano ya kushonea, kazi yake ni kupuliza dizeli ndani ya silinda, ikipuliza vizuri mafuta hutoka kama ukungu na kuungua yote mara moja, ikipuliza vibaya hutoka matone, na tone zito haliwahi kuungua hewani, hufika kwenye pistoni likiwa bado bichi, likaungulia pale pale, ndipo gari hutoa moshi mweusi na pistoni hutoboka.

Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, yeye na Osward walipata kazi pamoja kwenye karakana moja ya malori mjini Mpanda, Osward akiwa na maneno mazuri na mwandiko wa haraka akapanda kuwa msimamizi, Fabiani akabaki fundi wa pampu na nozeli, wala hakuona wivu, maana alikuwa akisema kwamba ofisi haina mlio wa kusikiliza. Tarehe 11 Agosti 1962 alifunga ndoa takatifu na Josefina, ambaye yuko hapa mbele yetu, na aliyesimama pembeni yake kama msimamizi wa ndoa alikuwa Osward. Mungu aliwajalia watoto wanne, Marsela, Damiano, Katarina, na mmoja aliyetangulia akiwa mchanga, ambaye jeneza lake dogo lilichongwa na Osward kwa mikono yake, na hilo nalo marehemu alisema lisiachwe.

Mwaka 1974 malori ya karakana yalikuwa yakienda kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba karibu kila siku, kupeleka mbegu na mabati na kurudi na mahindi, na huko marehemu alikutana na Polycarpe, aliyekuwa amesoma ufundi Burundi kabla ya kukimbia, wakaanza kazi ambayo hakuna aliyewatuma. Walipaka kioo masizi ya kibatari, wakakipitisha haraka mbele ya nozeli inayopuliza, kila tone likaacha doa jeupe, kisha wakayahesabu madoa kwa kioo cha kukuzia, makubwa peke yake na madogo peke yake, wakibadili nguvu ya pampu, wakibadili upana wa tundu, na kila walichokiona marehemu alikiandika kwenye daftari lake, yaliyofaulu na yaliyoharibika. Mama Marsela anasema mumewe aliwahi kumwamsha alfajiri kumwambia kwamba tone likigawanyika vipande nane haliwi dogo tu, linapata ngozi nyingi zaidi ya kushika moto, naye akamjibu, "Baba Marsela, hata mimi nina ngozi, niache nilale."

Daftari hilo aliliacha kwenye droo ya Osward, kwa sababu Osward alimwambia, "Liache kwangu, mjomba, hapa karakana vitu vinapotea," naye hakuona sababu ya kukataa.

Mwezi Agosti 1976 mahindi yalikuwa mengi, mvua zilikuwa zinakaribia, na karakana ilitakiwa kuyahamisha yote kabla barabara hazijakatika, ndipo Osward alipomwomba marehemu apanue matundu ya nozeli za malori manne ili yavute zaidi, marehemu akakataa, akamweleza kwamba gari litavuta kweli, lakini kwa siku chache. Wiki hiyo hiyo tukapata habari ya kufariki kwa mzee wetu Makarius, Osward akamsindikiza marehemu mpaka kwenye gari la kwenda Kasansa, akamshika mkono, akampa pole, na marehemu akiwa matangani Osward mwenyewe aliyapanua matundu. Malori yalivuta kwa siku kumi na moja, kisha pistoni zikatoboka, moja baada ya nyingine, na la mwisho lilikwama porini na wagonjwa wawili waliokuwa wamepewa lifti, wakalala huko siku mbili, namshukuru Mungu wote walipona.

Kikao cha uchunguzi kilikaa Jumanne tarehe 12 Oktoba 1976, na marehemu alikwenda akiwa na amani, kwa kuwa aliamini daftari lake litasema. Osward alilifungua ukurasa wa arobaini na moja, akausoma kwa sauti, "Tundu limepanuliwa, nguvu imeongezeka, injini inavuta vizuri," akasema hayo ndiyo maagizo ambayo fundi aliyaacha kabla ya kusafiri, na mwandiko ulikuwa wa Fabiani, kweli kabisa, maana lilikuwa jaribio lililofanyika kwenye injini kuukuu miezi minane nyuma. Marehemu aliomba wafungue ukurasa unaofuata, wakafungua, wakakuta arobaini na tatu. Polycarpe alikuwa ameomba kibali cha kutoka makazini, akatembea kutoka Katumba ili aseme alichokijua, akaambiwa asubiri nje, na alipoitwa aliitwa kuambiwa kikao kimekwisha.

Marehemu aliachishwa kazi. Hakuwahi kulalamikia kazi, alichokisema kwa Mama Marsela jioni ile ni hiki tu, "Amenipiga kwa mkono wangu mwenyewe," na tangu siku hiyo hakuandika tena kitu chochote, hata barua kwetu Kasansa alimwagiza Marsela amwandikie.

Walihamia hapa Sibwesa mwaka huo huo, mkampokea, mkampa shamba, naye akawatengenezea mashine za kusaga bila kuchoka, ila vifaa vya kupimia nozeli vilibaki karakana, akaenda mara mbili kuviazima, mara mbili akaambiwa msimamizi hayupo. Kwa hiyo alipima kwa kuligeuza nje bomba la injini lenye nozeli na kumwomba mwenye mashine azungushe, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa akiwakataza mafundi wote, na Jumamosi tarehe 20 Oktoba mwaka huu bomba lilizunguka, nozeli ikapuliza, dizeli ikamwingia kidole cha shahada cha mkono wa kuume. Haikutoka damu, palikuwa na kitundu kama cha kuumwa na mbu, lakini yeye alijua, maana alikaa chini akasema, "Imeingia, haitatoka." Gari lilipatikana Jumatatu, mkono ukiwa umevimba mpaka kiwiko, tarehe 29 madaktari wa Mpanda wakaukata, lakini sumu ilikuwa imeshapanda.

Tarehe 5 Novemba, nikiwa nimekaa kando ya kitanda, Osward aliingia wodini. Hakusalimia. Alitoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya shuka, na marehemu akaniambia niisome, nikasoma, nami naisoma tena mbele yenu kama alivyoniagiza: "Ukurasa wa 42. Baada ya saa thelathini pistoni imetoboka. Matone ni makubwa, hayamalizi kuungua. Tusifanye hivi kwenye gari la watu." Marehemu akamwambia, "Kumbe ulikuwa nayo. Miaka mitatu ulikuwa nayo," Osward akajibu, "Nilishindwa kuichoma," na marehemu akageuza uso ukutani. Osward alipotoka, marehemu aliniambia, "Siku ya kusoma historia yangu usimtukane, na usimfiche." Aliaga dunia Alhamisi tarehe 8 Novemba, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono uliobaki.

Asubuhi ya leo Bwana Osward ameomba awe miongoni mwa watakaobeba jeneza. Tulimpelekea Mama Marsela ombi hilo, naye akajibu, "Mpeni kiti, mpeni chakula, ametoka mbali. Kubeba, hapana." Familia imekubaliana na neno lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mpanda kwa kupigania uhai wake, majirani wa Sibwesa mliochimba kaburi na kupika, mwenye mashine ambaye hajala tangu Alhamisi na ambaye tunamwambia mbele ya wote kwamba hana kosa, mafundi wenzake mliofika, na ndugu yetu Polycarpe na mkewe Capitoline, waliokuja na vioo vyote vya masizi vikiwa vimefungwa kwenye kanga, wakasema ni mali ya watoto.

Kaka, nimemaliza kusoma, na sikupunguza neno. Mungu akupe usingizi mwema, upumzike.