Miaka Miwili Bila Kukaa Benchini

Asifiwe Bwana aliyetuamsha wazima leo! Nanyi wazee wangu, shikamooni.

Ndugu zangu, nitasema jambo la aibu hapa mbele ya madhabahu, na akina mama mnivumilie. Miaka miwili mmeniona nikisimama katika nyumba hii. Wimbo umekwisha, nyote mmekaa, mimi nipo pale ukutani. Mahubiri saa nzima, nimesimama. Mkasema, Baba Eliya anamwogopa Mungu kweli kweli. Hata siku ile ya kuchagua msimamizi wa shamba la pamoja, mtu alipaza sauti mkutanoni: "Tumpe huyu, hajui kukaa!" Mkanipigia makofi, mkanipa.

Ndugu zangu, haikuwa bidii wala haikuwa nadhiri. Nilikuwa na bawasiri!

Chekeni, nawaruhusu. Mimi sikuwa nikicheka. Ugonjwa ulinianza mwaka ule tulipohamia kijijini, tukibeba mawe ya kujengea shule. Kwanza muwasho, kisha kivimbe, kisha maumivu kama nimekalia kaa la moto. Chooni nikaona damu. Nikafunga mdomo. Mke wangu, Mama Eliya, nilimdanganya kwamba ni mgongo. Nikawa nakula nimesimama, nimeegemea mlango. Siku moja nikajitibu kwa siri, nikapaka mafuta ya taa. Jamani! Niliruka hadi Mama Eliya akadhani nimeumwa na nyoka. Ngozi ikachubuka, hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Na ningesemaje, wakati mnanisifu? Nilikuwa nimevikwa kilemba cha ukoka, na nilikipenda.

Ikaja Jumapili ya mavuno. Bibi Debora, nyote mnajua miguu yake inavyomsumbua, alinishika mkono pale mlangoni. Akasema, "Baba Eliya, leo na mimi nasimama kama wewe. Huenda Mungu atanitazama." Nami nikanyamaza! Katikati ya mahubiri akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa benchi. Nikaiona damu ya bibi yule sakafuni, nikajua nani kaimwaga.

Tulimbeba hadi zahanati. Sista akamshona, kisha akatoka nje kutupa habari. Wenzangu walikuwa wamekaa kwenye benchi, mimi nimesimama. Akanitazama, akanivuta pembeni.

"Shikamoo, baba. Suruali yako ina damu nyuma."

Nilitaka kusema ni ya Bibi Debora. Ndugu zangu, neno lilifika ulimini likagoma! Nani alilizuia? Si mimi, maana nilikuwa nimebobea katika uongo. Hadi leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Mkono wa Bwana ulikuwa juu ya mdomo wangu. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni yangu, mwanangu. Miaka miwili sasa."

Sista yule ni wa umri wa binti yangu. Nikapiga moyo konde, akanipima. Alisema lazima apime kwanza, kwa kuwa si kila damu ni bawasiri. Kisha akasema, "Baba, hii si laana. Ni mishipa ya damu imevimba." Akanipa tyubu ya dawa ya kupaka, ndogo kuliko kidole changu hiki.

Akanieleza taratibu. Ninawe mikono. Nikae kwenye karai la maji ya uvuguvugu, nijikaushe bila kusugua, nipake kidogo tu, kiasi cha punje ya maharage, asubuhi na jioni. Nisichanganye na kitu kingine, na mafuta ya taa nisiyaguse tena. Nile mchicha na mapapai, ninywe maji, nisijikamue chooni. "Na ni siku saba tu," akasema. "Usizidishe hata ukiona raha. Damu isipokoma rudi, nitakuandikia uende hospitali Kilosa."

Siku hiyohiyo nilimwambia mke wangu kweli yote. Akanitengea karai mwenyewe.

Siku ya nne, ndugu zangu, nilivuta kigoda jikoni, nikakaa, nikala ugali nimekaa! Mama Eliya akajifunika khanga usoni akalia. Mungu aliyeumba milima hii ya Mamboya aliniwekea rehema ndani ya kityubu! Nilikuwa nangoja radi kutoka mbinguni, yeye akanitumia binti mwenye sauti ya upole. Siku ya nane nilirudi, sista akapima, damu imekoma.

Nilikwenda kwa Bibi Debora nikapiga magoti, nikamweleza yote. Alinicheka hadi bendeji ikalegea, kisha akaniwekea mkono kichwani. Bibi, nakushukuru.

Wewe unayejificha kama nilivyojificha, Mungu haoni haya kwa mwili aliouumba mwenyewe. Mtumaini, kisha shuka zahanati. Na msije kuniomba tyubu yangu! Kila mtu akapimwe kwanza.

Usimamizi wa shamba naurudisha mikononi mwenu, maana mlimchagua mtu asiyejua kukaa, na mtu huyo hayupo tena.

Mama Eliya, sogea kidogo hapo benchini. Nakuja kukaa.